Mwalimu Antoine Atafuta Pa Kutazama

Zuberi alikuwa fundi wa baiskeli nyuma ya misheni ya Kasongo, na katika miaka kumi na minane ya kuziba mipira alikuwa amejifunza kumdharau karibu kila mteja. Makarani walimchosha kwa maringo. Wachuuzi wa samaki wa Nyangwe walipakia mizigo mpaka rimu zikapinda, halafu wakamlaumu yeye. Lakini hakuwahi kuona kichekesho kama Mwalimu Antoine wa shule ya misheni, mtu mzima mwenye akili zake, aliyepanda baiskeli ili aende mahali, asimame, atazame, kisha arudi nyumbani mikono mitupu.

Padri mkuu wa shule ndiye aliyemwagiza. Alitaka ukurasa mmoja katika gazeti dogo la shule kuhusu njia nzuri za kutembea kwa baiskeli kuzunguka mji, ili wanafunzi wasizurure ovyo siku za mapumziko. Antoine alilipokea jambo hilo kama amepewa uaskofu. Alijitafutia kofia ngumu nyeupe, akachomeka kalamu mfukoni, akaja kumwuliza Zuberi, maana fundi huzijua njia zote. Zuberi akamtajia ile ya michikichini, akamtajia na ile ya Nyangwe, inayoteremka mpaka mto Lualaba ukaonekana wote na mitumbwi yake. Antoine akauliza kama hakuna palipoinuka zaidi, mtu akatazama bonde zima kwa mara moja.

Palipoinuka! Zuberi alicheka moyoni. Akamwelekeza kilima cha Kamonga, nusu siku ya kukanyaga, kokoto tupu, mpando wa kumtoa mtu ulimi nje. Barabara ile wanakijiji waliichimba kwa majembe yao wenyewe huku wakisimamiwa na fimbo, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kusimama juu kuisifu. Basi aende huko, akaone uzuri.

Chini ya kilima hicho aliishi Zaina, dada yake Zuberi, pamoja na mumewe Faradji. Hilo Zuberi alilijua. Alichokisahau, kwa jinsi alivyokuwa akijifurahisha, ni yale Zaina aliyomweleza. Serikali ya kikoloni ililazimisha kila nyumba ilime pamba, na ilikataza kuchanganya kitu kingine ndani yake. Zaina alikuwa amepanda karanga katikati ya mistari ya pamba, kwa sababu watoto wanne hawali pamba. Mwaka uliotangulia Faradji alichapwa na kufungwa miezi miwili kwa kosa hilo hilo. Na monitere wa pamba, yule mkaguzi, hakujisumbua kushuka mashambani. Alifika kwa baiskeli na kofia yake nyeupe, akasimama juu ya kilima, akatazama, akaandika. Askari walifuata baada ya siku chache.

Antoine alikwenda Jumamosi. Jumatatu asubuhi alikuwa kwenye kibanda cha Zuberi, karatasi mkononi, akisoma kwa sauti ya mahubiri. Alisifu bonde la kijani. Alisifu upepo. Kisha akafika kwa wakulima wenye furaha ambao, walipomwona mgeni kilimani, walikimbilia mashambani, wanawake kwa watoto, wakafanya kazi kwa bidii bila kuinua vichwa. Zuberi, aliyekuwa akinyoosha spoki, alitaka kucheka. Nani amewahi kuikimbilia pamba? Halafu akaitazama ile kofia nyeupe, akazikumbuka karanga za Zaina.

Hapo hapo Zaina akatokea, vumbi hadi magotini, kikapu kichwani. Alikuwa ametembea tangu jana yake, kumwomba kaka yake atafute mtu wa kumsemea Faradji mjini kabla askari hawajafika. Alipoiona ile kofia alisimama kidogo, akashusha kikapu, akapiga magoti mbele ya Antoine.

"Tumeng'oa karanga yote, Bwana," alisema. "Hata moja haiko tena shambani. Mutuachie ule baba wa watoto."

Antoine alitabasamu, akamwinua, akamweleza kwa upole kwamba yeye ni mwalimu tu, na kwamba alikwenda pale kutazama uzuri wa nchi. Zaina hakuelewa mara moja. Alipoelewa, alikitazama kikapu chake cha karanga walizozing'oa. Karanga zilikuwa zimebakiza wiki tatu kukomaa, nazo ndizo chakula chote walichokuwa nacho mpaka mavuno mengine. Antoine, ambaye hakuwa mtu mbaya, aliuliza kama ingefaa afute lile neno furaha. Kisha akakunja karatasi yake, akaondoka na baiskeli akiikokota.

Zaina akamgeukia kaka yake.

"Nani alimuonyesha njia ya kwetu?"

Kulikuwa na uongo mwingi mzuri wa kusema, na Zuberi aliona aibu kwamba aliufikiria mmoja baada ya mwingine.

"Ni miye," alisema. "Nilitaka achoke tu."

Zaina alichukua karanga moja, akaibonyeza. Ganda lilikuwa laini, ndani mna maji na kijipunje cheupe kisichojaa hata ncha ya kidole. Akakiweka katika kiganja cha Zuberi, juu ya grisi.

"Kula basi, kaka," alisema. "Iko vile ulitaka."