Shangazi wa Darasa la Pili

Shule nzima tulimwita Shangazi, kuanzia mwalimu mkuu hadi watoto wa chekechea. Alikuwa mfagizi wetu, mwanamke mfupi, mwembamba, mwenye maneno machache. Mimi nilikuwa mwalimu wa darasa la pili, mwaka wangu wa kwanza kazini, nina watoto arobaini na saba. Zaidi ya shikamoo na marahaba, hatukuwa na mazungumzo.

Muhula wa kwanza nililetewa mtoto wa kike ambaye wazazi wake walikuwa wamehamia kutoka mbali, na kwao hawakusema Kiswahili. Alikaa dawati la mbele, daftari lake safi kwa sababu halikuwa na kitu. Wenzake wakambandika jina, Bubu. Niseme ukweli, sikuwakemea inavyopasa. Moyoni nilishaanza kuamini kwamba masomo hayampandi. Mwezi wa pili ulipokwisha nikachukua fomu ya kumrudisha darasa la kwanza.

Kabla ya kuijaza nilimbakiza darasani mchana, nikamuuliza polepole, "Nina machungwa kumi na mawili. Nawagawia watoto wanne sawasawa. Kila mmoja anapata mangapi?"

Akainamia daftari lake tupu. Nikarudia kwa sauti ya juu, kana kwamba shida ilikuwa masikio.

Shangazi alikuwa akipiga deki mlangoni. Akasimama, akasema maneno machache kwa lugha nisiyoijua. Yule mtoto akageuka kama aliyeitwa na mama yake, akajibu papo hapo, tena kwa kirefu.

"Anasema matatu," Shangazi akaniambia. "Halafu anauliza mbona mwalimu hujajiwekea hata moja."

Nilicheka, kisha uso ukanishuka kwa aibu. Ile fomu nikaichana.

Kesho yake nikamfuata Shangazi stoo, nikamwomba awe anaingia darasani kwangu nusu saa kila asubuhi. Akatikisa kichwa huku akikamua tambara.

"Mwanangu, mimi ni mtu wa ufagio. Darasa la tatu nilivishwa kibao shingoni kwa kuongea lugha ya nyumbani. Nilikivaa wiki nzima, wiki iliyofuata sikurudi. Leo niingie kuisema mbele ya watoto?"

"Ndiyo maana nakuomba wewe, Shangazi."

Akarudi kukamua tambara lake. Lakini Jumatatu alikuja, amenawa mikono mpaka viwiko, akakaa ukingoni mwa benchi kama mgeni asiye na uhakika wa kukaribishwa.

Mwalimu mkuu alinuna. "Utawachanganya watoto," alisema. "Hapa ni Kiswahili tu." Nikamwomba anipe mwezi mmoja.

Tulikata maboksi ya chaki, tukaandika maneno: upande mmoja Kiswahili, upande wa pili lugha ya mtoto. Nilimwacha afikirie hesabu kwa lugha yake kwanza, amweleze Shangazi, ndipo anieleze mimi kwa Kiswahili chake cha kuokoteza. Watoto wengine wakaona wivu. Kumbe nao walikuwa na lugha zao nyumbani, wakaanza kuleta maneno ya bibi zao. Ukuta ukajaa.

Jambo moja lilinitesa. Mtoto aliandika kila mara, "Kesho nilikwenda sokoni," nami kila mara nikamkosoa kwa kalamu nyekundu. Siku moja nikamwonyesha Shangazi daftari. Akacheka hadi akashika mbavu.

"Kwetu jana na kesho ni neno moja," alisema. "Ni siku iliyo jirani na leo. Upande gani, utajua mwenyewe kwa maneno yanayofuata."

Tukachora siku tatu ubaoni, Shangazi akaeleza kwa lugha yao, na kosa lile halikurudi. Wiki tatu za wino mwekundu, na dawa yake ilikuwa dakika tano.

Mwezi ulipotimia mwalimu mkuu alikuja kukagua. Yule mtoto akasimama, akasoma ukurasa mzima. Alijikwaa mara mbili, akamtazama Shangazi, akaendelea. Mwalimu mkuu alitoka, akarudi amebeba kiti chenye mgongo kutoka ofisini kwake, akakiweka karibu na benchi. "Shangazi, kaa vizuri," akasema.

Mwisho wa mwaka mtoto alipanda darasa la tatu, na lile jina la Bubu likafa lenyewe kwa sababu sasa kazi ilikuwa kumnyamazisha. Mama yake alikuja shuleni kwa mara ya kwanza. Alimshika Shangazi mikono yote miwili, wakaongea muda mrefu uani, wakifuta machozi na kucheka. Nilipouliza wamesema nini, Shangazi alinitazama kidogo.

"Ameshukuru. Nikamwambia mimi ndiye wa kushukuru. Nimerudi darasani bila kibao."

Nimefundisha miaka kumi na moja tangu hapo, na Shangazi ameshastaafu. Chuoni nilipewa cheti, nami nakiheshimu. Lakini ualimu wenyewe nilifundishwa na mwanamke aliyesimama mlangoni na tambara la deki mkononi, na kila mtoto mgeni anapoketi mbele yangu, swali langu la kwanza ni moja: nyumbani mnasemaje?