Nilijibu "Ndiyo, Wananiletea Hela", Sasa Naitwa Mchawi wa Panya

Admin, nifiche jina. Na nyinyi mnaokimbilia kwenye maoni kuandika "pole dada" huku mnacheka, leo chekeni wazi tu. Nimeshachekwa na wanaokula kwangu.

Mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na tatu, mzaliwa wa Morogoro. Naishi Joubert Park, Johannesburg, na mume wangu, Mkongo wa Lubumbashi, mlinzi kwa kazi. Tuna watoto wawili. Nasema "naishi naye" kwa mazoea, maana hivi sasa kitanda kizima ni changu.

Nafuga panya. Si wale wa kwenye mifereji, ni panya weupe wadogo, wasafi kuliko baadhi ya wageni wangu. Zamani nilikuwa nasafisha nyumba za watu kaskazini mwa jiji, na bosi wangu mmoja alikuwa anafuga vicheche. Watanzania tulieni, nasema kicheche mwenye miguu minne: mnyama mrefu mwembamba, ukimwona utadhani nguchiro, wenyewe wanamwita fereti. Chakula chake ni nyama, na anachokipenda ni panya mzima na mifupa yake. Bosi alilalamika kwamba panya wa dukani, waliogandishwa, ni ghali na mara nyingi hawapo. Mimi nimetoka mji ambao panya wanafundishwa kunusa mabomu ya ardhini. Panya atanitisha nini? Nikamwambia, mama, nitakuletea.

Nikaanza na mabeseni ya plastiki yenye vifuniko vya wavu, maranda ndani, kwenye roshani niliyoiziba baridi isipite. Dume mmoja kwa majike wanne. Mimba wiki tatu, uzao mmoja watoto wanane, mara nyingine kumi na wawili. Usipotenga madume mapema, ndugu wanapandana na hesabu inakushinda. Wakikua nawaua na kuwagandisha kwenye friza, na bosi akaniletea wenzake wanunue pia. Kicheche mmoja anamaliza panya watatu au wanne kwa siku, na wateja wangu wote pamoja wana vicheche kumi na saba. Piga hesabu mwenyewe. Panya hao ndio wanaolipa pango, ada za watoto, na kochi alilokalia mume wangu siku aliponinyamazia.

Wifi yangu, dada wa mume, nimwite Mama Plamedi. Ana saluni ndogo Newtown, na kiti chake cha kwanza nilinunua mimi. Alikuja kututembelea, akafungua mlango wa roshani akitafuta ndoo.

"Wifi, hii yote ni mapanya?"

"Ni mapanya. Funga mlango, baridi inaingia."

"Kumbe njo maana," akasema, akirudi nyuma polepole. "Kumbe njo maana unajenga kwenu."

Anayeijua Joburg ameshaelewa. Pale Park Station, kwenye kila robot, ndivyo huku wanavyoita taa za barabarani, zikiwa nyekundu unapewa vikaratasi vya waganga: kurudisha mpenzi, kushinda kesi, na panya wa kuleta hela, wale wanaotumwa kwenye droo za watu wakarudi na noti. Mimi nilikuwa nachukua vikaratasi hivyo kwa mafungu kwa sababu ni vya bure. Nilivitandika chini ya maranda.

Jumapili wakaja mchungaji wa kanisa letu na wazee wawili. Wakafunua mabeseni, wakaona vikaratasi. Tukakaa sebuleni. Mama Plamedi simu mapajani.

"Mama, usituogope," mchungaji akasema. "Hii mapanya, njo inakuletea makuta?"

Makuta ni hela. Nikaona nimeulizwa swali la biashara, nikajibu kibiashara. "Ndiyo, mchungaji. Wananiletea vizuri tu."

"Na inataka nini kwako?"

"Kufa. Wasipokufa, hela haiingii."

Mzee mmoja akainuka, akaenda kusimama karibu na mlango. Hapo ndipo nilipoanza kueleza habari za vicheche na friza, lakini Mama Plamedi alikuwa ameshazima kurekodi. Nikamgeukia mume wangu. "Si wewe unayeosha mabeseni? Waambie." Akaangalia zulia. "Cherie, acha kwanza wazee waongee."

Sauti yangu ilifika Soweto kabla sijaosha vikombe vyao.

Mume wangu amehamia kwa dada yake na watoto. Akaniambia mlangoni, "Mimi najua hauko mulozi. Lakini watu, Cherie." Mulozi ni mchawi. Sharti lake: Jumapili ijayo nibebe mabeseni yote hadi uwanja wa kanisa, panya wachomwe mbele ya waumini, ndipo arudi. Binti yangu wa miaka tisa, ambaye Kiswahili anakisikia ila hujibu kwa Kiingereza, alinipigia akauliza kama mikono yake nayo itaombewa, kwa sababu aliwahi kuwashika. Hilo Mama Plamedi sitamsamehe.

Sasa sikieni. Jumatano, huyo huyo Mama Plamedi amekuja peke yake, kitambaa kimeshuka hadi kwenye nyusi.

"Wifi, tusigombane. Saluni inakufa. Nipe hata kamoja, ka dume."

"Dume peke yake hana faida."

"Basi nipe na jike."

Nikampa wawili kwenye kopo la majarini, nimelitoboa matundu. Akauliza wanakula nini, nikasema mkate. Akauliza masharti. Nikamwambia, "Usimwambie mtu." Habari za kutenga madume sikumfundisha, hakuuliza.

Kwa hiyo mume wangu amekimbia panya wangu, na analala nyumba moja nao, maana dada yake alisema atawaficha chini ya kitanda chake.

Nikiwachoma, watoto wanarudi, lakini pango litalipwa na nani? Na nitakuwa nimekiri uchawi nisioujua. Nikimtaja Mama Plamedi kanisani, watoto wangu watakuwa ndani ya aibu ya nyumba ya pili. Au nikae kimya wiki tatu zitimie, maana panya hawajui kutunza siri? Wa kuniambia nisali, nimeshasali. Wenye akili ndio nawauliza: Jumapili nibebe mabeseni, au nibebe mdomo wangu nikaseme?