Shangazi wa Buchani

Asubuhi alikuwa muuza nyama, mchana alikuwa mwanamke. Mtaa mzima ulimwita Shangazi, hata akiwa na shoka mkononi na ndevu za jana kidevuni. "Shangazi, usinijazie mifupa!" wateja walimwambia, naye akawajibu kwa sauti ile ya kwenye filamu, nyembamba na yenye dharau, wakavunjika mbavu.

Filamu zenyewe zilikuwa za vichekesho, na zote zilikwenda vilevile. Anavaa gauni, anapaka wanja, anaringa weee, halafu mtu aliyejificha nyuma ya pazia anavuta uzi. Wigi linadondoka, kipara kinang'aa, Shangazi anatimua mbio na wanaume wanamfukuza kwa fimbo. Mwongozaji hakujua kichekesho kingine wala hakuona haja ya kukitafuta. Kwake yeye, mwanamume aliyevaa gauni kazi yake ni kufukuzwa, basi.

Shangazi alikuwa na siri iliyomkosesha raha. Yule mwanamke hakumtunga. Alimwiba mzima mzima kwa mama mkwe wake. Kukohoa kidogo kabla ya kusema, kufuta kiti kwa leso kabla ya kukalia, kumkagua mtu kuanzia viatu kwenda juu. Alimwiba kwa sababu alimpenda na kumhusudu. Lakini hebu nenda kamweleze mama mkwe kwamba unamheshimu ndiyo maana umevaa sidiria!

Mama mkwe hakuwa mtu wa filamu, na Shangazi aliomba abaki hivyo hivyo. Basi siku moja mke wake, kwa nia njema kabisa, akamleta mama yake aone mkwewe anavyofanya kazi. Wakampa kiti ukumbini, kando ya kamera. Shangazi alipomwona, gauni lilikuwa limeshafungwa zipu.

Siku hiyo shangazi wa filamu alikuwa anamhoji mchumba wa mpwa wake. Alijitahidi kuigiza vingine, lakini mwili ulishazoea. Mkono ukatoa leso, ukafuta kiti. Koo likakohoa lenyewe. Mama mkwe akainama mbele, macho yamemtoka. Uzi ukavutwa, wigi likaanguka, Shangazi akakimbia, ukumbi mzima ukacheka isipokuwa mtu mmoja.

"Turudie!" mwongozaji akasema. "Hujakimbia vizuri."

"Mkwe, njoo hapa," mama mkwe akaita.

Akaenda, wigi kwapani, akitamani ardhi ipasuke immeze. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Yule ni mimi?"

Uongo ungemsaidia nini? "Ni wewe, mama. Nisamehe."

"Kukohoa umepatia. Kiti nacho umepatia. Sasa niambie, tangu umuoe mwanangu, lini umeniona nakimbia?"

"Sijakuona, mama."

"Gauni vaa tu, hujanikosea. Umenikosea kunikimbiza mbele za watu."

Wakarudia. Uzi ukavutwa, wigi likaanguka. Wanaume wakaja na fimbo zao. Shangazi akaliokota wigi, akalikung'uta vumbi, akalitia kwenye mkoba, kisha akaketi na kukunja nne.

"Haya, kichwa changu umekiona," akamwambia mchumba. "Sasa nionyeshe chako kina nini ndani."

Mchumba akasahau maneno yake yote. Mmoja wa wale wenye fimbo akaangua kicheko, mshika kamera akatetemeka na kamera yake.

"Kimbia!" mwongozaji akapiga kelele. "Shangazi, kimbia!"

"Sikimbii," akajibu mama mkwe.