Mashini ya Roho na Haya ya Bukwe

Siku ya kwanza niliyopewa kazi ya mashini ya roho, nilitoka mu chumba ya kufunga bidonda. Ilikuwa ku lupitalo, hospitali ya bantu beusi, Élisabethville, mbele ya indépendance, uhuru haujafika bado. Médecin-chef, munganga mukubwa, Mubeleji mumoja murefu, alinionyesha sanduku ya chuma yenye nyuzi.

— Kazi yako ni moja, akasema. Mugonjwa asitikisike. Akitikisika, tumepima bure.

Roho, ndiyo ninyi batoto munaita moyo mu bitabu. Kila ikipiga inatoa umeme kidogo sana. Tulifunga bibati ku mikono na ku miguu, na kitambaa ya maji ya chumvi chini yake ili umeme upite, halafu kalamu inaandika mustari ku karatasi yenye kutembea. Kulikuwa na mashini ingine, ya mishipa ya fahamu. Ile tunachokoza mushipa na umeme: kidole ikiruka mbio, mushipa ni muzima, ikijikunja pole pole kama munyoo, umekufa. Hiyo niliipenda. Lakini ya roho ndiyo ilinitesa.

Maana siku moja bibi yangu Albertine, muke wangu, alileta mama yake, ametoka Kabalo na treni, miguu imevimba, pumuzi fupi. Médecin-chef alisikiliza kifua, akakunja uso.

— Roho inakimbia ovyo. Dawa niko nayo, lakini kama ni ugonjwa mwingine, dawa ile itamuua. Nataka mustari kwanza.

Sasa, kwetu bukwe ni bukwe! Tangu nioe, mimi na mama-mukwe hatujaangaliana ku uso. Nikimuona mu njia, ninageuka; yeye anajifunika kitenge ku kichwa. Leo nimufunge bibati ku miguu? Mama akamwambia Albertine:

— Afazali nikufe. Unirudishe Kabalo.

Nilimuelezea médecin-chef. Wazungu wengi wangecheka, yeye hapana.

— Bon. Weka pazia. Bibi yako atafunga.

Albertine akafunga, mimi nyuma ya pazia nikawasha mashini. Mungu wangu! Mustari wote ulikuwa manyoya matupu. Mama alikuwa anatetemeka, tena si ugonjwa, ni haya: alijua niko pale. Misuli ikitetemeka, umeme yake inafunika ile ya roho. Tukarudilia. Manyoya tena.

— Na hii siwezi kutoa dawa, médecin-chef akasema. Na pumuzi yake inaisha.

Albertine akaanza kulia. Ile kilio iliniuma sana. Nikasema, nikipitia kwake, vile desturi inataka:

— Albertine, ambia mama: kama ni haya, mimi pia ninatetemeka. Angalia suruali yangu.

Haikuwa uongo, magoti yalikuwa yanapigana. Albertine akachungulia.

— Yo! Mama, ni kweli! Anatetemeka sawa kuku ya mvua!

Nyuma ya pazia nikasikia mama-mukwe anacheka, cheko fupi ya kukosa pumuzi. Halafu akatulia. Nikawasha mashini mbio mbio. Mustari ukatoka safi: pigo moja karibu, ingine mbali, bila mupango.

— Voilà, ni ile niliyofikiri, akasema médecin-chef, na dawa ikaanza siku ile ile. Uvimbe wa miguu ukaisha. Mama akarudi Kabalo anatembea mwenyewe.

Leo niko mu pension, nimestaafu. Baganga bapya banasema mashini zao zinabebwa mu mufuko. Ni muzuri, ninafurahi. Lakini muntu mwenye kuogopa anatetemeka vile vile, batoto. Muulize kwanza anaogopa nini.

Mama-mukwe alizeeka vizuri. Alifariki ku Makomeno, mutaa ya bantu ba treni mu muji yetu, kwa mutoto wake mwenye kutumika ku rail. Kwetu mukwe haingiaki mu nyumba yenye maiti ya mama-mukwe. Nikakaa inje, kichwa chini. Dada ya Albertine akatoka, akanishika mukono.

— Ingia, baba. Mama mwenyewe alituachia neno: ule aliona roho yangu, mumwache aone uso.

Nikaingia. Uso yake ilikuwa uso ya Albertine yangu, yote, mpaka ku kidevu. Nikalia kwa sauti mbele ya bamama bote.