Rula ya Wakili

Wakili mmoja wa Katoro hasomi karatasi bila rula. Huiweka chini ya mstari, akausoma kwa sauti ya mahubiri, kisha akaishusha taratibu kama fundi anayepima kitambaa. Kila aya ikiisha, hufuta miwani kwa ncha ya tai. Salvina, muuza mchele, alimpelekea shauri la bango: duka la vipodozi lilikuwa limechukua picha yake mtandaoni bila hata hodi, likaibandika kwenye bango lake, upande ulioandikwa KABLA. Sokoni wateja wakawa wanamuuliza BAADA itafika lini.

"Mama, sura ya mtu ni mali yake!" wakili alinguruma, rula ikigonga meza. "Hata jembe la jirani huombwa, sembuse uso!" Akamsomea sheria ya taarifa binafsi mstari kwa mstari, mpaka Salvina akajiona ana thamani kuliko dhahabu yote ya Geita. Halafu wakili akampiga picha mbili, "za kuweka kwenye jalada," akamwomba atabasamu kidogo. Siku ya nne, baada ya barua ya wakili, duka likashusha bango. Wiki iliyofuata Salvina alipanda ngazi za ofisi na jogoo wa shukrani kwapani, akakuta ukutani, nyuma ya kiti cha wakili, bango jipya la ofisi: yeye mwenyewe, meno yote nje, na juu yake BAADA YA KUMWONA WAKILI.

"Karibu, Mama!" wakili alisema, akinyoosha mikono kumpokea jogoo.

Salvina hakumwachia. Alichukua rula mezani, akaiweka chini ya kidevu cha picha yake pale ukutani.

"Nisomee na hapa, wakili."