Mama Pindo na Dirisha Lililozidi Ukuta

Jina la Mama Pindo hakupewa kwa ubaya. Alikuwa fundi cherehani, na nguo iliyotoka mkononi mwake ilikuwa na pindo pana kuliko ya fundi mwingine yeyote. Ndani ya mishono namo aliacha kitambaa cha kutosha, ili siku mwenye nguo akinenepa, nguo ifumuliwe na kupanuliwa. Mzazi akinung'unika kwamba kitambaa kinapotea bure, alimjibu kuwa mtoto hukua, kitambaa hakikui. Sare zake zilivaliwa na mkubwa, zikashushwa pindo, zikavaliwa tena, halafu mdogo akarithi. Watu wakamwita Mama Pindo, na mwenyewe akaitika.

Alishonea katika chumba cha kupanga nyuma ya karakana ya seremala. Dirisha la chumba hicho lilitazamana na ukuta wa jirani, karibu mno kiasi kwamba ungeweza kunyoosha mkono ukaugusa. Ujana wake wote hakujali. Lakini macho nayo huchoka kama magoti. Alianza kuisogeza cherehani mlangoni. Kisha akaitoa barazani. Kisha mvua zikaja, na siku za mvua akawa hashoni kabisa, anakaa tu na mikono mapajani akisikiliza randa ya seremala. Siku moja mteja alimrudishia gauni la buluu lililoshonwa kwa uzi wa kijani. Hakubishana naye. Alilipeleka gauni nje, akaliangalia juani, akaona kweli uzi ni wa kijani.

Siku hiyo aliamua kwamba atakuwa na nyumba yake, na katika nyumba hiyo kutakuwa na chumba kimoja chenye mwanga. Mengine yote ni mbwembwe. Asipoona hashoni, na asiposhona hakujua yeye angekuwa nani.

Mumewe alikuwa mwoka mikate. Usiku yuko kwenye tanuri, asubuhi anarudi na unga kwenye nyusi, mchana analala. Alikuwa mtu wa maneno machache na usingizi mwingi, ila akiba alijua kuiweka, na mkewe naye vilevile. Wakatafuta nyumba mpaka viatu vikalika upande mmoja. Hii ina nyufa, ile ina kesi, nyingine mwenyewe hajulikani ni nani kati ya ndugu watatu.

Hatimaye wakapata ya bei waliyoiweza. Sababu ya bei hiyo ilionekana mara tu ulipoingia. Au tuseme haikuonekana, maana mle ndani hakukuonekana kitu. Chumba cha mbele, kikubwa kuliko vyote, kilikuwa na dirisha la ukubwa wa sinia. Mwenye nyumba, mzee aliyekuwa anahamia kwa binti yake, alisifia ubaridi wake. Mama Pindo alipapasa kuta. Mumewe alisimama katikati ya giza, akavuta pumzi ndefu, akasema hajapata kuona nyumba tulivu namna hii. Yeye aliona kitanda, mkewe aliona ukuta wa kuvunja. Wakanunua, kila mmoja kwa sababu yake, wala hakuna aliyemuuliza mwenzake.

Wa kwanza kuja kuiona alikuwa wifi, dada mkubwa wa mume, mwanamke asiyemeza neno likishafika ulimini. Alisimama kizingitini, akapepesa macho.

"Wifi," akasema, "mmenunua nyumba au mmenunua kisima?"

Maneno hayo yakafika mtaa wa pili kabla yake mwenyewe.

Nyumba ilikuwa na visa vyake. Mlango haukufunguka mpaka uusukume kwa nyonga huku umeinua kitasa. Bomba lilikohoa, likatema kutu, ndipo likatoa maji. Lakini jioni ile waliyokabidhiwa ufunguo, Mama Pindo aliufunga mlango, akaufungua, akaufunga tena, bila ya haja yoyote. Hakuna mtu ambaye angemgongea na kumwambia achungulie tarehe ya kodi. Walikula wamekaa juu ya mifuko ya saruji, na chakula kikawa kitamu kupita kiasi.

Kwa kazi ya dirisha walimwita mwashi mmoja ambaye watu walimwita Fundi Kesho, kwa kuwa ndilo jibu lake kwa kila swali linaloanza na lini. Akishafika, hata hivyo, mkono wake ulikuwa safi. Aligonga ukuta kwa mpini wa nyundo, akatikisa kichwa. Ukuta huu, alieleza, ndio unaobeba paa, na juu ya dirisha hajui kuna nini. Akachora mistari ya chaki kulia na kushoto kwa lile sinia. Hapa mpaka hapa angeweza kupanua. Wakivuka chaki, wajiandae kuezeka upya. Mama Pindo alitaka zaidi, lakini akalinganisha na lile tundu lililokuwepo, akasema afadhali. Akaambiwa apime chaki hadi chaki, apeleke vipimo kwa fundi wa kuchomelea, atengenezewe fremu.

Alivua futi yake shingoni, akapima. Na hapo mkono ukamsaliti. Kama ulivyofanya kwa kila kiuno na kila bega tangu alipokuwa msichana, uliongeza vidole vinne kila upande kwa ajili ya mshono. Mwenyewe hakuwa ameamua kuongeza. Alimpa mchomeleaji vipimo hivyo kwa roho safi, akarudi nyumbani akiimba.

Fremu ilikuja juu ya mkokoteni, imepakwa rangi, vioo vyake vimekatwa tayari. Wakati huo kile chumba cha kupanga alikwisha kukiaga, na mwenye chumba alikwisha kumpa kinyozi, ambaye alitaka kuingia mwisho wa wiki. Fundi Kesho alikuwa ameanza kuutoboa ukuta kwa juu juu. Wakainyanyua fremu, wakaiweka mbele ya chaki. Ikaifunika chaki yote na kuzidi.

Fundi alipima, akapima tena. Akauliza nani alichukua vipimo. Mama Pindo akamweleza alivyopima, na alipofika kwenye mshono akasikia mwenyewe anachokisema, sauti ikamfifia. Fundi Kesho alikaa juu ya ndoo yake akacheka mpaka akajifuta macho kwa kofia.

"Mama," akasema, "ukuta haunenepi."

Mchomeleaji alipoulizwa, alisema anaweza kuikata na kuiunga, lakini bawa moja litatoka na vioo havitatosha. Kitakachobaki ni dirisha la masinia mawili. Wifi, aliyefika bila kuitwa kama kawaida yake, alishauri wasubiri tu, huenda ukuta ukala ukashiba.

Kelele zikamwamsha mume. Alitoka na shuka begani, akatazama fremu, akatazama ukuta, akasema ikatwe yaishe. Nyumba haiharibiki kwa dirisha moja. Halafu, kwa kuwa usingizi hulegeza ulimi, akaongeza kwamba giza lile lilikuwa linamfaa.

Mama Pindo akamgeukia taratibu.

"Linakufaa?"

"Si nalala mchana, mke wangu. Ndiyo maana niliipenda."

"Mimi niliinunua nipate kuona. Nikikosa mwanga humu, itabidi nikapange chumba cha watu tena nishonee huko, na huku pawe pa kulala tu. Macho yangu hayasubiri."

"Hukuniambia kama ni macho."

"Na wewe hukuniambia kama ni usingizi."

Mume akalivuta shuka likamfunika shingo. Mama Pindo akamwomba mwashi waiache fremu pale mpaka kesho, na safari hii ni yeye aliyelitamka neno hilo. Fundi alikubali, ila akasema asubuhi lazima irudi ikakatwe, maana ana kazi ya watu wengine.

Asubuhi mume alikuwa hajarudi kutoka kwenye tanuri. Mama Pindo alifungua mlango kwa nyonga, na jua likaingia likiwa bado chini, likapita sambamba na ukuta wa mbele badala ya kuupiga usoni. Alisimama akautazama kama anavyotazama nguo kuukuu iliyoletwa kutengenezwa. Nguo ya namna hiyo huitazami usoni. Unailaza kwenye mwanga, maana nguo iliyopunguzwa haifichi siri yake: kitambaa cha zamani na mshono wa juzi havizeeki pamoja.

Na ukutani palikuwa na mstari. Ulikuwa hafifu, ulishuka wima kutoka juu, nje kabisa ya chaki. Upande wa pili palikuwa na mwenzake. Ufa huenda kombo, haushuki kama uliochorwa kwa timazi. Akagonga kwa kidole nje ya mstari, ukuta ukanyamaza. Akagonga ndani ya mstari, ukaitika kama kopo. Hakufurahi bado. Alijua kwamba mwenye kukitaka kitu sana hukiona hata kisipokuwepo.

Fundi Kesho alifika mapema, jambo ambalo halijapata kuonekana. Labda alikuwa amebakiza kicheko.

"Fundi," Mama Pindo akamwambia, "ukuta huu umepunguzwa."

Hakucheka. Alipitisha kiganja juu ya plasta, akabonyeza kwa dole gumba.

"Kama nguo?"

"Kama nguo. Palikuwa na dirisha kubwa, mtu akalipunguza pande zote."

Fundi akafikiri. Akasema huenda ni kweli, kwani watu huziba madirisha kwa kuogopa wezi. Lakini kama juu hakuna boriti ya zamani, paa litashuka, na wao wako chini yake. Ukuta ni wa mama, aseme mama.

"Basi anza juu," akasema Mama Pindo. "Tukute boriti kwanza. Tusipoikuta, pakia fremu ikakatwe, na sitasema neno."

Fundi alipanda ngazi na tindo yake. Alibandua plasta kidogo: tofali. Akasogea: tofali tena. Vumbi likamwangukia Mama Pindo kichwani naye hakujifuta. Mume akaingia na unga wake kwenye nyusi, akauliza kuna nini, akaambiwa. Hakusema habari ya usingizi. Alivua shati akaishika ngazi, iliyokuwa ikiyumba. Muda si mrefu wifi naye akawa mlangoni, na mkononi ana birika la chai, kana kwamba ameitwa msibani.

Tindo ikagonga tofali mara nyingine. Fundi akashuka chini kidogo, upana wa kiganja, akagonga hapo, na sauti ikabadilika. Haikuwa kavu tena. Akagonga polepole, kisha akapuliza vumbi, akashusha mkono.

"Mama, njoo uishike mwenyewe."

Mama Pindo alipanda. Ndani ya kovu la plasta palikuwa na boriti ya mbao nyeusi, ngumu kama chuma. Fundi akaifuata kwa tindo kulia, akaifuata kushoto. Ilipita chaki, ikapita mistari, ikaenda kukaa ndani ya ukuta mzima kila upande, kama mtu aliyeegemeza mikono mabegani mwa wenzake. Paa lilikuwa limelala juu yake miaka yote hiyo wala halikuwahi kuyahitaji yale matofali yaliyokuwa chini.

Mama Pindo alibaki juu ya ngazi ameishika. Mumewe kule chini akamuuliza kama ndiyo. Akaitikia kwa kichwa, halafu akakumbuka kwamba gizani kichwa hakionekani, akasema, "Ndiyo, baba. Ndiyo."

Matofali ya kuzibia yalikuwa yameungwa kwa udongo mtupu. Yalitoka kwa mkono, moja baada ya jingine, na waliyapokezana hadi nje: fundi kwa mume, mume kwa wifi, ambaye alifunga kanga kiunoni na kulalamika juu ya kila tofali bila kuliangusha hata moja. Mwanga uliingia kwanza ukubwa wa tofali, ukawa kama mto wa kulalia, ukawa kama mlango. Ndipo wakagundua kwamba sakafu waliyodhani ni ya kijivu ilikuwa nyekundu. Nyekundu iliyokolea, imesuguliwa na mtu fulani zamani kwa mapenzi. Wakasimama wanaitazama sakafu yao wenyewe kama wageni.

Fremu iliponyanyuliwa, iliingia, tena ikabaki nafasi pembeni. Fundi Kesho akapitisha vidole katika nafasi hiyo, akamtazama Mama Pindo.

"Mama, tatizo ni kwamba pindo lako lilikuwa dogo."

Sasa alicheka yeye, na alicheka kuliko alivyochekwa. Fundi akaijaza nafasi kwa vipande vya tofali na saruji, akapima kwa timazi, akarudi nyuma, akapima tena. Malipo yake aliyapokea kwa heshima kubwa. Tangu siku hiyo, akiingia nyumba ya mtu, hugonga kuta kwanza kwa kidole kabla ya kuchora chaki, na akiulizwa alijifunza wapi husema kwa fundi mwenzake.

Kinyozi alipoingia kwenye chumba kile nyuma ya karakana, cherehani ilikwisha kukaa chini ya dirisha jipya. Kitanda mume alikihamishia mwenyewe chumba cha uani. Akashonewa pazia la kitambaa mara mbili, zito, la rangi ya giza, na kila atakaye kujua huambiwa kwamba hajapata kulala namna ile maishani mwake. Chumba cha mbele hakikuwekwa pazia. Wifi alisema ni aibu, wapita njia wanaona mpaka ndani, naye Mama Pindo akamwambia waone tu, ndiyo faida ya dirisha. Wiki iliyofuata wifi alileta kitambaa chake mwenyewe, cheusi tii, ashonewe sketi, na akavuta kiti karibu na dirisha ili asimamie.

Basi jioni ile waliopita barabarani walimwona Mama Pindo amekaa kwenye fremu yake kama picha, anashona kitambaa cheusi kwa uzi mweusi. Walimsalimia, akawajibu bila kuinua kichwa. Jua lilikuwa limeshuka nyuma ya mapaa, nyumba za jirani zimeanza kuwasha taa, na wifi akamuuliza kama hajachoka kukodoa macho. Mama Pindo akakata uzi kwa meno, akaugeuza mshono upande wa ndani, akauona wote, tundu kwa tundu, umenyooka.

"Bado naona," akasema, akakanyaga cherehani.