Njia Iliyopita Uani kwa Mama Shuka

Ukitaka kumjua msoma mita wa maji, usimtazame usoni, mtazame magotini. Suruali zote za mtu huyu zilikuwa zimepauka magotini, kwa kuwa mita nyingi za mji ule zilikaa ndani ya visanduku vya saruji chini ya ardhi, na asiyepiga magoti akafuta kioo kwa kitambaa hasomi kitu. Kazi hiyo aliifanya miaka ishirini na miwili. Watu walimwita Bwana Mita, na mkewe naye alimwita hivyo hivyo anapokuwa amemkasirikia. Masomo yake yaliishia darasa la saba, lakini tarakimu zake zilisomeka kuliko za wakubwa wake, na sheria yake ilikuwa moja: andika unachokiona, usiandike unachokidhani. Mwenye nyumba alie kwamba bomba lilipasuka, alie kwamba wageni walikuwa wanaoga mara tatu kwa siku, yeye alisema "pole sana" na kuandika kile kile kilichoonyeshwa na mita.

Kwa kusema hakuwa hodari. Mbele ya watu watatu alijikaza akasema. Wakifika watano, ulimi ulikuwa mzito. Wakizidi kumi, alianza kutafuta kwa macho mlango wa kutokea uko wapi.

Ikatokea kwamba serikali ilitaka kuchora upya ramani ya mji, nyumba kwa nyumba na njia kwa njia, na watumishi wake hawakutosha. Ikaomba wenyeji wajitolee. Afisa wa ramani, binti mchangamfu aliyetembea na chupa ya maji mkononi, akafika ofisi ya maji akasema, "Nataka mtu anayeijua milango ya mji huu."

Vidole vyote vikamwelekea Bwana Mita.

"Huyu anaijua hata milango ya nyuma ya watu," alisema mwenzake mmoja, "ila hasemi alichokiona." Ofisi nzima ikacheka, naye akacheka chini chini.

Alipewa simu yenye fomu ndani yake, akafundishwa kwa siku mbili. Kila jioni, baada ya kazi, alizunguka na simu hiyo: hapa shule, hapa kisima, hapa ngazi zilizobomoka, hapa duka la dawa. Akibonyeza, nukta inakaa. Alianza kupiga mluzi njiani, jambo ambalo mkewe hakulisikia tangu walipooana. Mtu ambaye maisha yake yote alikuwa akiandika maji waliyotumia wengine, sasa alikuwa akiandika mji wenyewe.

Siku ya kumi ilimfikisha kwa dada yake.

Dada huyu ndiye aliyemlea baada ya mama yao kufariki, na alikuwa dobi. Mashuka ya nyumba mbili za wageni na ya zahanati yalifuliwa kwake, ndiyo sababu watu walimwita Mama Shuka. Nyumba aliachiwa na baba yao. Uani kwake kulikuwa kurefu kuliko nyumba yenyewe, na kulikuwa na milango miwili: mmoja mbele, kwenye mtaa wa maduka, na mwingine nyuma, kwenye kichochoro cha zahanati. Katikati zilitambaa kamba sita za kuanikia. Kila asubuhi, mashuka yakishapanda kambani, alifungua milango yote miwili, na mwenye mgonjwa akakatiza humo humo badala ya kuzunguka mtaa mzima. Walipita wajawazito, wazee wenye mikongojo, watoto wenye homa mgongoni mwa mama zao. Walipita wakiinama chini ya mashuka, na kila mmoja alisema "tunapita, mama," naye akajibu "piteni."

Lakini siku moja kila mwaka alifunga milango yote miwili tangu alfajiri hadi usiku. Hayo yalikuwa maagizo ya baba yao. "Njia ukiifungua siku zote inasahau ina mwenyewe," mzee alikuwa akisema. Siku hiyo watu walizunguka huku wakinung'unika, na kesho yake waliulizia kwa mzaha, "Mama Shuka, jana ulitususia?"

Bwana Mita aliyajua hayo yote tangu utotoni. Ila fomu ilimuuliza: *Je, watu wanapita hapa?* Chini yake palikuwa na visanduku viwili, ndiyo na hapana. Akaketi juu ya beseni lililogeuzwa, akahesabu. Kwa muda mfupi tu walipita watu kumi na wanne. Akaandika alichokiona. Akabonyeza *ndiyo*.

"Unaandika nini huku, mdogo wangu?" dada yake aliuliza, pasi mkononi. "Mita iko kule mbele."

"Naandika njia, dada. Utaonekana kwenye ramani."

"Mimi? Basi ningoje nibadili gauni!"

Walicheka. Alimpa chai, akanywa, akaenda zake.

Miezi mitatu baadaye ramani ya majaribio ilitundikwa ukumbini, ofisi ya mji, ikachukua ukuta mzima. Tangazo lilisema wananchi wana siku sitini za kutoa maoni: kama kuna kosa, kama maswali yaliyoulizwa yanatosha au yanachosha, kama ipo njia bora ya kukusanya taarifa. Mwenye maoni aandike kwenye daftari kubwa lililowekwa mezani, aweke na jina lake, au aje mkutanoni aseme.

Alikwenda siku ya pili, amevaa shati la kutokea. Alizitafuta nukta zake moja moja kama mtu anayetafuta watoto wake uwanjani. Ndipo akafika kwa dada yake. Kati ya mtaa wa maduka na kichochoro cha zahanati palikuwa na mstari mnene, rangi ile ile ya barabara, umepita juu ya uani kwa Mama Shuka kana kwamba hakuna mtu anayeishi hapo. Akainama kusoma maelezo yaliyoandikwa chini. Rangi hiyo maana yake ilikuwa *njia ya umma*.

Alijua papo hapo kilichokosekana. Fomu haikuwa na kisanduku cha tatu, cha kusema kwamba watu wanapita kwa kuwa mwenyewe amewaruhusu. Sentensi moja tu ingetosha.

Mezani alikuwepo kinyozi wa mtaa wao, ameinamia daftari, yuko ukurasa wa tatu.

"Bwana Mita! Umeona walivyonifanyia? Saluni nzima, viti vinne, wamenichora nukta kama mavi ya nzi! Nataka nukta ya haki. Na jina liandikwe." Alilamba kidole akafungua ukurasa wa nne. "Wewe una lako? Kalamu hii hapa."

"Hapana," alisema Bwana Mita. "Naangalia tu."

Alirudi nyumbani. Lililomkwaza halikuwa woga wa watu peke yake. Ili aandike kosa lile, ingembidi aandike kwamba aliyelifanya ni yeye, msoma mita asiyekosea, na chini aweke jina, na kesho kinyozi asome. Mkewe alimsumbua mpaka akasema. Mkewe akamletea karatasi.

"Andika hapa kwanza."

Akaandika: *Njia ya uani kwa dobi si ya umma, ni kwa ruhusa ya mwenyewe, na fomu iongezwe kisanduku cha ruhusa.*

"Si ndiyo hii?" mkewe alisema. "Ipeleke. Kalamu haikukuuma hapa, haitakuuma kule. Na dada yako umemwambia?"

"Nikilirekebisha, hakuna haja ya kumtia wasiwasi."

Karatasi ikakaa mfukoni mwa shati. Alikwenda nayo wiki iliyofuata akakuta daftari limefungiwa kwenye saraka ya meza, na mwenye funguo ameketi na wenzake watano wanakula na kucheka. Ilitakiwa tu abishe na kuomba. Alisimama mlangoni kidogo, akajifanya anasoma tangazo la chanjo, akaondoka. Siku nyingine alipita nje ya ofisi akajiambia kuna foleni. Hakukuwa na foleni.

Zikabaki siku mbili, ukaitishwa mkutano. Walijaa watu kama themanini. Yeye alikaa safu ya mwisho, ile karatasi mfukoni, amekwisha kuisoma moyoni mpaka ameijua kama sala. Kinyozi alisema kwa muda mrefu, watu wakamzomea, akaendelea. Mwingine aliuliza kwa nini serikali inataka kujua choo chake kiko wapi. "Wanataka kuja kukitumia!" akajibiwa kutoka nyuma, na ukumbi ukavunjika kwa kicheko.

Afisa wa ramani alipotuliza watu, akamwona. "Bwana Mita yuko pale nyuma. Huyu katembea kuliko sisi wote. Hebu tuambie, Bwana Mita, fomu yetu ina kasoro yoyote?"

Vichwa themanini vikageuka. Akasimama, ila hakunyooka. Mkono ulikwenda mfukoni, ukaigusa karatasi. Akaliona lile neno la kwanza, *njia*, akaliona wazi kabisa, na mdomo ukatoa lingine.

"Fomu ni nzuri," alisema.

Watu wakampigia makofi. Akakaa.

Njiani alijipoza. Ramani ni karatasi, alijiambia. Dada atafunga na kufungua milango yake kama kawaida, nani atamletea karatasi uani?

Haikuletwa karatasi. Zililetwa pikipiki. Ramani ilipoingia kwenye simu za watu, madereva wa pikipiki waligundua kwamba njia fupi ya kwenda zahanati ni ile, na simu iliwaambia *pinda kulia* mbele ya mlango wa Mama Shuka. Hawakuinama chini ya mashuka. Hawakusema "tunapita, mama." Mvua za kwanza zilipokuja, mashuka meupe ya zahanati yalirudishwa mara mbili yafuliwe upya kwa sababu ya matope. Aliposimama mlangoni kuwazuia, kijana mmoja alimwonyesha simu yake. "Bibi, hii barabara. Tazama mwenyewe."

Akafunga mlango wa nyuma kwa mnyororo. Wiki mbili baadaye aliletewa barua: amefunga njia ya umma, afike kujieleza.

Alimpitia mdogo wake asubuhi. "Twende wote. Wewe unafahamiana nao." Alivaa vizuri, amebeba mkobani hati ya nyumba ya baba yao. Bwana Mita akaenda naye. Angekataaje?

Chumba kilikuwa kidogo, chenye meza na viti vinne. Afisa wa ramani hakuwa mkali. Alimsikiliza Mama Shuka hadi mwisho, habari za baba yao, habari za siku moja ya kufunga kila mwaka. Akaifungua hati, akaikunja polepole.

"Mama, nakuelewa. Lakini ramani ilitundikwa siku sitini. Nimelipitia daftari lote. Kuhusu njia hii hakuna mtu aliyeandika hata neno. Baada ya hapo ilipitishwa, na kuibadili ni mpaka ukusanyaji mwingine, miaka mitano ijayo."

"Ningejuaje kuandika, mwanangu, wakati sikujua nimechorwa? Nani alikuja kuniuliza?"

Afisa akatazama kwenye kompyuta, penye jina la aliyejaza fomu, kisha akamtazama Bwana Mita.

Walikuwa watatu tu chumbani. Hata mbele ya watu watatu alikuwa akiweza.

"Ni mimi, dada," alisema. "Niliandika mimi. Na nililiona kosa ukutani siku ya pili tu. Nikanyamaza. Mkutanoni niliulizwa, nikasema fomu ni nzuri."

Dada yake hakumgeukia. Alichukua hati yake, akairudisha mkobani, akafunga zipu.

Bwana Mita akaeleza na kisanduku cha ruhusa kilichokosekana. Afisa aliyaandika yote, akasema kwa upole kwamba yatafikiriwa wakati ukifika. Kisha akasoma uamuzi: mnyororo utolewe, kamba tatu za upande wa njia ziondolewe, pikipiki zipite mwendo wa pole. Kamba tatu zilizobaki hazikutosha mashuka ya zahanati. Kazi hiyo ikaenda kwa dobi mwingine mwezi huo huo.

Walitembea mitaa miwili. Kwenye kona ya duka la vitambaa dada yake alisimama.

"Mkutano uliuogopa, nakujua tangu mdogo. Ungetoka pale ukaja kwangu. Ungekaa kwenye beseni ukaniambia, ningekwenda mwenyewe kuwapigia kelele. Kwani mimi ni mkutano?"

Dada yake akaendelea na safari.

Ni miaka miwili sasa. Yale mazungumzo yao hayajarudi tena, ingawa hawajagombana. Mwisho wa mwezi hufika kusoma mita ya nyumba ile kama za wengine. Hubisha hodi mlango wa mbele, dada yake humwitikia "karibu" kutoka ndani, na chai haitengwi. Hupiga magoti, hufuta kioo, huandika. Mita inazunguka kidogo sana siku hizi.

Nyumba inayofuata kwenye orodha yake iko kichochoro cha zahanati, hatua arobaini kupitia uani. Watu wanapita, pikipiki zinapita, sheria inaruhusu. Yeye hutoka nje, akafunga mlango nyuma yake, akazunguka mtaa mzima.